Ofisi Yetu Haitoi Barua ya Msamaha

Tangu Kwaresima ianze, wameongezeka watu wanaofika katika ofisi yetu ya upatanisho hapa Nakuru wakiomba "barua ya msamaha". Wengine wametumwa na waliowakosea, waipeleke kituo cha polisi kesi ifutwe. Wengine wanataka kumwonyesha mchungaji ili wakaribie Meza ya Bwana. Barua hiyo haipo, na hatujawahi kuiandika.

Kusamehe ni kazi ya aliyeumizwa mbele za Mungu, hata kama mkosaji hajaomba radhi, hata kama ameshazikwa. Kupatana kunahitaji wawili. Kesi nayo ina sheria zake. Kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinairuhusu mahakama kuhimiza upatanisho katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya binafsi yasiyo mazito, pengine kwa fidia au masharti ambayo mahakama itayakubali. Ni mahakama inayoamua, si kanisa wala chifu. Unajisi wa mtoto haumo kabisa. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini hufungwa maisha. Wa miaka 12 hadi 15, kifungo kisichopungua miaka 20. Wa 16 hadi 18, kisichopungua miaka 15. Nimewaeleza wazee mara nyingi, na bado kuna wanaokuja na habari za mbuzi wa fidia. Tafadhali, mpelekeni mtoto hospitalini na mpige ripoti polisi siku hiyo hiyo. Vilevile mke anayepigwa anaweza kumsamehe mumewe akiwa salama kwa wazazi wake. Hakuna andiko linalomlazimisha arudi kupigwa.

Sasa nije kwenye moyo wenyewe. Kwa miaka niliyokaa katika kazi hii, nimejifunza kwamba moyo mgumu hauna kelele. Mwenye nao husali, hutoa zaka, huimba kwaya. Anayekuja akilia na kulaumu bado anaumia, na anayeumia husaidika. Ninayemhofia ni yule aliyefika mahali pa kutolitaja tena jina la ndugu yake.

Mzee mmoja wa eneo la Bahati, aliyekubali nisimulie habari zake bila jina, alikuja na daftari la kurasa 96. Humo ameandika, kwa tarehe, kila ubaya aliotendewa na mdogo wake tangu baba yao azikwe: bikoni ya mpaka wa shamba iliyong'olewa, maji ya bomba yaliyokatwa, harusi ambayo hakualikwa. Nilimwomba anisomee kwa sauti. Akasoma karibu nusu saa. Alipofika kwenye matanga ya shangazi yao, ambako mdogo wake hakutoa mchango, akanyamaza. Juma lile mdogo wake alikuwa amelazwa, na yeye alilijua hilo siku ile ile aliyoandika.

Paulo anasema upendo hauhesabu mabaya. Mtu akishaanza kuhesabu, hesabu huongezeka yenyewe, hata mambo yasiyo makosa yakaingia. Ndiyo maana katika Mathayo 18 mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000, deni ambalo kibarua asingelimaliza kwa maisha elfu, alimkaba mwenzake koo kwa dinari 100, ujira wa miezi mitatu hivi. Dinari 100 si kitu kidogo. Yesu hasemi hukukosewa.

Wapo wa Molo na Kuresoi waliochomewa nyumba katika ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008 na kulala kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Hao siwaambii wasahau. Yusufu aliwaambia ndugu zake waziwazi kwamba walimuuza Misri, kisha akawabusu wote na kulia. Moyo wa nyama ambao Ezekieli 36:26 inauahidi ni moyo unaosikia maumivu, na ni Mungu anayeutia. Mwombeni, hata kama kwa sasa mnachoweza kuomba ni kutaka tu kusamehe.

Utaratibu wetu ni ule wa Mathayo 18:15-17. Kwanza, wewe na yeye peke yenu. Pili, mmoja au wawili pamoja nawe. Tatu, kanisa. Wengi huanzia kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, kisha hushangaa kwa nini mwenzao hataki kuja. Hapa kila upande husikilizwa peke yake kwanza. Tunamwandikia mwaliko yule mwingine mara mbili, siku 14 kati yake. Asipokuja, tunafunga faili. Hiyo si adhabu, na haikuzuii wewe kusamehe. Kumsimamisha mtu asishiriki Meza ya Bwana ni uamuzi wa wazee wa kanisa, si wetu.

Yule mzee wa Bahati bado anamsubiri mpimaji wa ardhi juu ya ile bikoni, na ana haki ya kumsubiri. Jumapili iliyopita aliniambia ameanza kumtaja mdogo wake kwa jina katika sala ya jioni. Kumtembelea bado hajaweza.