Baba anarudi mbalamwezi, mtoto anamkimbia: maswali ya wazazi wa kandokando ya Ziwa Victoria

Mume wangu anavua dagaa. Kipindi cha giza chote, usiku usipokuwa na mwezi, yuko kambi ya kisiwani, nyumbani anakuja mbalamwezi. Mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu akimwona analia na kunikimbilia. Amemkataa baba yake?

Hapana, mama. Umri huo watoto wengi huogopa sura wasiyoizoea, na kukukimbilia wewe ni dalili njema: ana mtu anayemwamini. Baba asimnyakue kwa nguvu, wala asinune na kusema umemfundisha. Akae chini mkekani, apige soga na wewe, mtoto amchungulie mpaka asogee mwenyewe. Kesho yake amlishe uji, jioni amwogeshe. Ukaribu unajengwa kwenye kazi hizo kuliko kwenye mfuko wa biskuti. Akiwa kambini apige simu, mtoto asikie akiitwa jina. Na siku ya kurudi ziwani asinyemelee mtoto akiwa amelala. Amuage, hata akilia. Mtoto anayeamka na kukuta mtu ametoweka huanza kumng'ang'ania kila anayebaki.

Natoka alfajiri kwenda mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, mtoto anabaki na bibi yake. Anapungukiwa?

Si lazima uwe wewe saa zote. Anahitaji watu wachache, wasiobadilika kila wiki, wanaomwitikia. Akinyooshea kuku kidole na bibi akasema "eeh, kuku anadonoa mtama", hapo anajifunza kuongea na pia kwamba anasikilizwa. Kinachonitia wasiwasi ni simu kugeuzwa mlezi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asitazame skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku.

Nikimbeba kila akilia, hatadeka?

Mtoto mchanga hadeki. Mbebe.

Tukigombana usiku, wa miaka mitatu anaelewa?

Maneno huenda asiyaelewe yote, lakini sauti na nyuso anazisoma vizuri sana. Anaweza kurudia kukojoa kitandani, kung'ata wenzake au kuwa kimya kupita kiasi. Nawasihi, msimchape kwa hayo. Mtulize kwanza, mwambie "uliogopa, sasa niko hapa". Nyumba ikiwa na vipigo, piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, ni bure.

Tangu nijifungue sina hamu ya chochote, hata ya kumbeba mwanangu.

Inawezekana ni sonona baada ya kujifungua. Si uvivu, hujarogwa, na inatibika. Hali hiyo ikipita wiki mbili, siku ya kliniki mtoto akipimwa uzito mweleze muuguzi, usingoje kuulizwa. Lakini ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri siku hiyo ya kliniki. Mwachie mtoto mtu unayemwamini, mwingine akusindikize hospitali saa hiyo hiyo.