Maana ya "fumbo", kwa wanaofumbua majina ya Luke Cage

Fumbo ni kauli iliyofungwa kwa makusudi: maana yake haiko juu ya maneno, lakini anayetafakari ataipata ndani ya maneno hayohayo. Basi, ufafanuzi umekwisha. Ningeishia hapo kama nisingekutana, kwa mara ya sijui ngapi, na mtu anayetangaza kwamba amefumbua "mafumbo" ya majina ya sehemu za Luke Cage.

Kwa ambaye hakuitazama, hiyo ni tamthilia ya Marvel iliyoanza kuonyeshwa Netflix mwaka 2016, kuhusu mwanamume wa Harlem, New York, ambaye risasi hazimwingii. Msimu wa kwanza una sehemu 13, kila moja imepewa jina la wimbo wa Gang Starr, kundi la hip-hop la Guru na DJ Premier. Msimu wa pili, wa 2018, una 13 nyingine, na huko majina ni ya nyimbo za Pete Rock na CL Smooth, wawili wengine wa hip-hop. Mtayarishaji wake mkuu, Cheo Hodari Coker, aliwahi kuwa mwandishi wa habari za muziki wa hip-hop, na kwamba majina haya ni ya nyimbo alilisema mwenyewe hadharani. (Kwa msomaji wa Kiswahili, kama kuna cha kushangaza hapa ni majina mawili ya kwanza ya huyo bwana.)

Sasa turudi kwenye neno. Fumbo limetoka kwenye fumba. Unafumba macho, unafumba mdomo, unafumbata sarafu kiganjani. Katika yote hayo kitu kimefungwa na bado kipo palepale. Jicho lililofumbwa halijaondoka usoni, na anayekunyoshea ngumi hakufichi kwamba ameshika kitu; anachokunyima ni kukiona. Ndiyo maana lugha ikatupa na fumbua, kwa kiambishi kilekile kinachogeuza funga kuwa fungua na ziba kuwa zibua. Ufunguo unakuja na kufuli. Na wazee waliposema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hutambua, walikuwa wanamzungumzia mwerevu aliyekaa papo hapo barazani, anayesikia maneno yaleyale anayosikia mjinga. Hakutumwa maktaba.

Ficha ni jambo jingine. Kilichofichwa hukioni, na huenda hata hujui kwamba kipo. Siri, neno tulilolichukua kwa Waarabu, iko mbali zaidi, kwa sababu siri inategemea nani ameambiwa na nani hakuambiwa. Werevu hausaidii kitu. Nadhani mkanganyiko wetu umetiwa nguvu pia na matumizi ya kanisani, ambako "fumbo la imani" ni jambo linalopita akili ya binadamu. Matumizi hayo ni halali kabisa mahali pake. Ila yakihamia kwenye tamthilia, kila asichokijua mtazamaji kinageuka kuwa fumbo, na kila aliyesoma maelezo mahali anageuka kuwa mfumbuaji.

Tuyaangalie majina yenyewe. Sehemu ya kwanza inaitwa Moment of Truth, saa ya ukweli. Luke anaishi kwa kujificha, anafagia kwenye duka la kinyozi aitwaye Pop na kuosha vyombo kwenye klabu, mpaka inafika saa ambayo hawezi tena kujifanya mtu wa kawaida. Ya tatu ni Who's Gonna Take the Weight?, nani atabeba mzigo, nayo inafuata mara tu baada ya Pop kuuawa, Luke anapoamua kuubeba yeye. Majina haya yameeleweka kabla hujasikia mdundo hata mmoja wa DJ Premier. Hayakufungwa. Anayezijua nyimbo anasikia mwangwi wa ziada, sauti ya New York ya miaka ya tisini ikipita nyuma ya hadithi. Asiyezijua hajapotea njia. Kitu cha namna hiyo Kiswahili kina jina lake: dokezo. Mtu anakudokezea, anakugusia kidogo, kisha anaendelea na mazungumzo yake.

Wala dokezo si kitu duni. Sehemu ya mwisho ya msimu wa pili inaitwa They Reminisce Over You, jina la wimbo wa 1992 ambao Pete Rock na CL Smooth waliutoa kumkumbuka rafiki yao, Trouble T Roy, aliyefariki mwaka 1990. Ukilijua hilo unaingia kwenye sehemu hiyo ukiwa tayari umekaa matangani, na matanga kweli yapo. Lakini huzuni hiyo hukuichimbua kutoka kwenye maneno ya anwani. Umeibeba kutoka kwenye wimbo.

Mtanitaka mfano wa fumbo halisi. Upo, kwenye Watchmen, tamthilia ya HBO ya mwaka 2019, sehemu ya nane: A God Walks into Abar. Kiingereza kina vichekesho vingi vinavyoanza na mtu fulani kuingia baa, kwa hiyo mtazamaji wa kwanza anadhani kuna nafasi iliyosahaulika kati ya herufi, kwamba ilikusudiwa "a bar", yaani baa. Haikusahaulika. Abar ni jina la ukoo la Angela, mhusika mkuu, na katika sehemu hiyo Dr. Manhattan, ambaye kwa uwezo wake ni kama mungu, anaingia kwenye baa huko Saigon na kumkuta Angela amekaa. Baa na mwanamke vimekaa ndani ya neno moja. Kila unachohitaji kulifumbua kiko mbele yako: tahajia, jina ulilolisikia tangu sehemu ya kwanza, na akili yako. Hiyo ndiyo ngumi iliyofumbatwa.

Jessica Jones, tamthilia nyingine ya Marvel, ya 2015, ina mtindo wake: kila jina linaanza na AKA, kifupi cha "anayejulikana pia kama". Hilo si fumbo wala dokezo la maana. Tamthilia yenyewe ilikusudiwa kuitwa A.K.A. Jessica Jones, na herufi hizo zikabaki kwenye sehemu zake kama kibandiko cha jina la zamani. Nalo nimeshaona likifumbuliwa.

Kwa hiyo ndugu aliyeandika kwamba amefumbua mafumbo yote 13 ya Gang Starr, simkatishi tamaa. Ametambua nyimbo 13, na si kazi ndogo: mojawapo inaitwa DWYCK, na wengi wetu hata kuitamka hatujui.