Baiskeli ya umeme: hiyo "ya umeme" ndiyo inayotupoteza

Khalati yangu, dada wa mama, ni fundi cherehani. Mwaka jana goti lilianza kumsumbua, muuguzi akamwambia ashughulishe mwili, asikae mchana kutwa. Akaenda duka moja hapa Malindi akaomba baiskeli ya umeme, kwa maneno hayo hayo, na akauziwa kitu kinachoitwa hivyo hivyo. Aliponiita mtaani kwake Barani nikione, nilikuta chombo kizuri, chekundu, chenye pedali mbili fupi zilizokunjwa ubavuni. Pedali zenyewe zilikuwa na vumbi. Unasokota mkono wa kulia, kinaondoka. Alikuwa amezunguka nacho wiki tatu, sokoni na kurudi, bila kutoa jasho, na goti limezidi kukaza.

Sidhani aliyemuuzia alitaka kumdhulumu. Khalati aliomba kitu kwa jina, akapewa kitu cha jina hilo.

Tangu siku ile kila nikilisikia neno hili nasimama kusikiliza linatumiwaje. Kijana wa bodaboda stendi anaiita pikipiki yake mpya ya betri "baiskeli" kwa kuwa haipigi kelele. Wenzangu tunaoendesha Jumamosi alfajiri kwenda Mayungu wanasema baiskeli ya umeme si mazoezi, umepakiwa tu. Wa kwanza ameipa pikipiki jina la baiskeli. Hawa wa pili wameivua baiskeli jina lake.

Maana yenyewe ni fupi. Baiskeli ya umeme ni baiskeli yenye betri na mota ndogo inayoongeza nguvu pale unapokanyaga. Kwenye ekseli ya pedali pana kihisi kinachopima mguu unasukuma kwa nguvu kiasi gani, na mota inaongeza kwa kadiri hiyo. Ukikaza, inakaza nawe, ukiacha, inaacha. Yamaha ndiyo iliyoanza kuuza baiskeli ya namna hii, Japani, mwaka 1993, ikaiita PAS, kifupi cha maneno yenye maana ya mfumo wa kusaidia nguvu. Kusaidia. Sheria ya Umoja wa Ulaya nayo imeshika hapo hapo: mota isizidi wati 250, iongeze nguvu mtu anapokanyaga tu, na ikate msaada mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Kikizidi hapo, chombo hicho kinahesabiwa katika jamii ya pikipiki.

Sasa tuje kwenye jina, maana hapo ndipo penye mzigo.

Fikiria vitu tunavyoviita "vya umeme" nyumbani. Pasi ya umeme, jiko la umeme, feni ya umeme, taa ya umeme. Vyote hivyo umeme ndio unaofanya kazi yote, wewe unawasha na kuzima. Aliyetoka kwenye pasi ya makaa akaingia ya umeme haweki makaa machache pembeni kusaidia. Kwa hiyo mtu anaposikia "baiskeli ya umeme", sikio lake limeshazoea: umeme unafanya kazi, mwenyewe amekaa. Hajakosea kufikiri. Lugha ndiyo iliyomwonyesha njia hiyo.

Utaniambia kwamba chai ya tangawizi haipikwi kwa tangawizi tupu, na ni kweli. Kiunganishi "ya" peke yake hakina kosa, kinabeba mengi. Lakini kikikaa na umeme, katika mazoea yetu ya miaka yote hii, kimebeba maana moja. Na mambo yanazidi kuharibika tunapotafuta kinyume chake, tukasema "baiskeli ya umeme" upande huu na "baiskeli ya kukanyaga" upande ule. Mwenye kusikia afanyeje? Ataamini ile ya kwanza haikanyagwi. Zote mbili zinakanyagwa! Mgawanyo huo umezaliwa na kosa lake ndani.

Khalati mwenyewe ndiye aliyenisaidia kulieleza vizuri, kwa cherehani. Zamani alikuwa na cherehani ya kukanyaga, mguu unasukuma ule wavu wa chuma chini, mkanda unazunguka, sindano inakwenda. Sasa ana ya umeme. Mguu bado uko chini, bado unakanyaga kidude, lakini kile kidude ni swichi tu. "Kwa hivyo mguu upo, kazi haipo," akaniambia. Ndivyo hasa. Na zipo baiskeli za bei nafuu ambazo kihisi chake hakipimi nguvu ya mguu, kinaangalia tu kama pedali zinazunguka. Zungusha kivivu, mota inakubeba. Hizo zinakaribia cherehani yake ya sasa. Ile inayopima nguvu ni kitu kingine: ni cherehani ya zamani iliyopata mtoto wa kusukuma mkanda pamoja nawe.

Neno baiskeli tumelichukua kwa Waingereza, na kwao limeundwa kwa mawili na duara: magurudumu mawili, basi. Halisemi nani anasukuma. Jina lililotangulia lilisema. Wafaransa walipokuwa na vyombo vya magurudumu mawili katika karne ya 19 waliviita vélocipède, kwa maneno ya Kilatini ya kasi na mguu. Mguu ulikuwemo ndani ya jina. Tungerithi hilo badala ya lile, pengine khalati angepona hasara.

Upande wa pili, pikipiki tumeipa jina la mlio wake, kama tuktuk na tingatinga. Masikio yetu ndiyo yaliyoita. Ndiyo maana yule kijana wa stendi anasita: chombo chake hakisemi piki wala piki, atakiitaje pikipiki? Lakini jina likishakaa halifuati tena sauti. Kinachoendeshwa kwa kusokota mkono, hakihitaji mguu, kinabeba abiria na gunia la mkaa, ni pikipiki, hata kama kinapita kimya kama paka.

Tena yeye hasa angepaswa kujua majina yanavyohama, kwa kuwa kazi yake inaitwa kwa jina lililohama. Bodaboda lilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960 na 1970. Watu walikuwa wakibebwa kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka huu hadi cha ule, na waendeshaji wakiita wateja kwa Kiingereza cha mpaka, boda, boda. Baiskeli! Zilikuwa na kiti cha kushonwa nyuma ya tandiko. Pikipiki zilipokuja zikachukua wateja, zikachukua na jina. Leo ukisema bodaboda hapa Malindi hakuna anayetazamia baiskeli. Sitaki "baiskeli ya umeme" iende njia hiyo hiyo, kwa sababu mara hii kuna watu wanaolihitaji jina lenyewe ili wapate kitu wanachokitaka.

Hili la "mauntini", yaani baiskeli ya milima, nalipitia haraka. Kwetu kila baiskeli yenye gia na tairi nene ni mauntini, ingawa hapa Malindi mlima hakuna. Asili yake ni Marin, California, miaka ya 1970, vijana walipochukua baiskeli nzito za zamani wakashuka nazo mlima Tamalpais na vilima vya jirani. Breki zilikuwa za kurudisha pedali nyuma, na kwenye mteremko mmoja grisi iliungua ndani ya kitovu cha gurudumu mpaka ikabidi kupakia nyingine. Mashindano yao, yaliyoanza 1976, yakaitwa Repack kwa sababu hiyo, yaani pakia tena. Mauntini ya umeme ni hiyo hiyo iliyoongezwa betri na mota. Ya kawaida ina kilo 12 hadi 15 hivi, ya umeme mara nyingi inapita 20.

Na mazoezi je? Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, waliwapandisha waendeshaji 33 wazoefu baiskeli za milima za aina zote mbili katika njia ile ile, wakapima mapigo ya moyo. Kwenye ya umeme wastani wa mapigo ulikuwa asilimia 94 ya ule wa baiskeli ya kawaida. Watu 33 si wengi, na walikuwa wazoefu, lakini moyo wa mtu aliyepakiwa haupigi hivyo.

Mimi naendesha ya kawaida na sina mpango wa kuiacha. Fundi yeyote wa mtaani ataitengeneza, na chumvi ya bahari inakula cheni tu, haina waya wa kula. Betri ikiisha mchangani Mayungu utazijua zile kilo 20 ni nini. Tena Malindi ni tambarare, na kwenye lami anayejimudu anafika kilomita 25 kwa saa kwa miguu yake, hapo mota iliyofuata kipimo cha Ulaya imeshanyamaza na unasukuma uzito wake bure. Faida yake iko kwenye mchanga, kwenye kilima, na kwenye upepo.

Upepo ndio uliomfundisha khalati. Mwezi wa saba niliazima baiskeli ya kihisi cha nguvu, tukaenda naye hadi Mambrui. Kwenda, Kusi ilikuwa nyuma yetu, pepo ya tezi, akawa anacheka. Kurudi ikatukabili usoni. Kabla ya daraja la Sabaki alichoka, akaacha kukanyaga, baiskeli ikapungua, ikasimama.

"Imezima," akasema.

"Haijazima, khalati. Ni wewe uliyezima."

Akaitazama, akaweka mguu, akasukuma kidogo. Ikamjibu. Akasukuma tena. Tulifika Barani kanga imemganda mgongoni kwa jasho, na kesho yake akaniuliza ni lini tena.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Jumamosi, mtu akija na baiskeli yenye mota, muulizeni kwanza: ukiacha kukanyaga, inaenda? Ikiwa haiendi, mwacheni aendeshe nasi, ameleta miguu yake. Mimi naona tuseme "baiskeli yenye mota", kwa kuwa hiyo "yenye" inaonyesha mota imeongezwa juu ya baiskeli, na mwenye baiskeli bado ana kazi yake. Ukipenda kubaki na "baiskeli ya umeme" sitagombana nawe, ila usiipe chombo cha kusokota mkono. Hicho tayari kina jina, pikipiki ya umeme, na ni jina zuri. Khalati ameshauza kile chekundu, na alipokuwa akikiuza alimwambia mnunuzi hivyo hivyo: "Hii ni pikipiki, mwanangu. Pedali usizitazame."