Hulka, Makundi na Afya: Maswali na Majibu kwa Anayeanza

Katika semina za ndoa, katika mikutano ya vijana makanisani, katika usaili wa kazi na sasa katika simu za mkononi, watu wengi wamekutana na madodoso yanayowaambia kuwa wao ni watu wa aina fulani. Maswali yafuatayo ni yale ambayo mtu anayeyasikia mambo haya kwa mara ya kwanza hupenda kuyauliza. Nimeyajibu kwa upande wa afya, kwa sababu upande huo husahauliwa mara nyingi, ilhali ndiko mambo haya yalikoanzia.

Mfumo wa kuainisha hulka ni nini hasa?

Ni utaratibu wowote unaochukua tofauti za kudumu zilizopo baina ya watu, kwa mfano namna mtu anavyokutana na wageni, anavyopanga kazi zake au anavyokabili hofu na hasira, kisha ukazipa tofauti hizo majina na kuwapanga watu kufuatana nayo. Kiswahili kina neno hulka kwa yale ambayo mtu huonekana nayo tangu utotoni, na neno tabia kwa mwenendo wake, yaani mambo anayoyatenda mara kwa mara hadi yakawa mazoea. Ni vizuri kuyatenganisha maneno haya mawili, kwa kuwa dodoso huuliza juu ya tabia, kisha hudai kuijua hulka.

Mifumo hii ina namna kuu mbili. Ipo inayowagawa watu katika makundi, mtu akawa ama huku ama kule, na ipo inayompima kila mtu katika sifa ileile kwa kiasi. Ni kama urefu: unaweza kusema watu ni wa aina mbili, warefu na wafupi, au unaweza kuchukua futi na kumpima kila mmoja. Ukipima, utaona kuwa walio wengi wako katikati, na hapo ndipo mgawanyo wa makundi unapoyumba.

Wazo hili lilianzia wapi?

Lilianzia kwa matabibu. Hippocrates, Mgiriki aliyeishi katika karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo, na wafuasi wake walifundisha kwamba mwili una viowevu vinne, ambavyo ni damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, na kwamba ugonjwa hutokea uwiano wake unapoharibika. Katika karne ya 2 baada ya Kristo, Galen wa Pergamon alivihusisha viowevu hivyo na hali ya nafsi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaendeleza mafundisho hayo kwa Kiarabu, na utabibu wa jadi wa pwani yetu una alama zake hadi leo, kama pale mzee anapomkataza mgonjwa chakula fulani kwa kuwa ni cha baridi na mwili wake unahitaji cha joto.

Sayansi ya kisasa imekwisha kuonyesha kwamba hulka haitokani na wingi wa nyongo wala wa kohozi. Hata hivyo, makundi manne yaliyotokana na mafundisho hayo bado yanasomeshwa: sangwini aliye mchangamfu, koleriki mwenye hamaki na hamu ya kuongoza, melankoli mwenye fikra nzito na huzuni, na flegmatiki aliye mtulivu na mzito wa kuanza jambo. Kama maneno ya kuanzishia mazungumzo baina ya mume na mke hayana ubaya. Kama maelezo ya namna mwili na ubongo vinavyofanya kazi, hayana msingi.

Zile herufi nne ambazo baadhi ya madodoso humpa mtu kama jina la aina yake zinatoka wapi?

Mwaka 1921 tabibu wa akili wa Uswisi, Carl Jung, alichapisha kitabu kuhusu aina za watu, ambamo alieleza tofauti ya mtu ambaye nguvu ya nafsi yake huelekea nje, kwa watu na vitu, na yule ambaye huelekea ndani, kwa mawazo yake mwenyewe. Nchini Marekani, Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers waliyachukua mawazo hayo na, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakatunga dodoso linaloitwa Myers-Briggs. Dodoso hilo hutumia jozi nne: kuelekea nje au ndani; kutegemea yanayoonekana au yanayohisiwa kwa ndani; kuamua kwa hoja au kwa hisia; kupenda mambo yapangwe mapema au yaachwe wazi. Jozi nne zikichanganywa hutoa aina 16, na kila aina huandikwa kwa herufi nne. Wawili hao hawakuwa wamesomea saikolojia, jambo ambalo pekee halitoshi kuikataa kazi yao, lakini linaeleza kwa nini wanasaikolojia watafiti hawakuipokea kwa urahisi.

Tatizo lake kubwa ni la kipimo. Mtu aliyepata alama kidogo tu juu ya katikati huwekwa kundi moja na aliye mbali kabisa upande huo, na hutenganishwa na jirani yake aliyepata kidogo tu chini. Ndiyo maana mtu akilirudia dodoso baada ya wiki chache huweza kupata herufi tofauti. Katika baadhi ya tafiti, hilo liliwapata hata karibu nusu ya waliopimwa. Mizani ya kliniki ikimpa mtoto kundi jingine la uzito kila baada ya mwezi bila mtoto kubadilika, muuguzi angeiweka kando.

Mbona basi matokeo yangu yalinieleza barabara?

Swali hili linastahili jibu la heshima, kwa sababu hisia hiyo ni ya kweli. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake dodoso, kisha kila mmoja akapokea maelezo ya maandishi yaliyosemekana kuwa ni yake peke yake. Aliwaomba watoe alama kuanzia 0 hadi 5 juu ya usahihi wa maelezo hayo, na wastani ukawa zaidi ya 4. Kumbe wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, ambayo Forer aliyakusanya kutoka katika kitabu cha unajimu. Yalikuwa maneno ya aina hii: unahitaji kupendwa na watu, lakini pia wewe ni mkosoaji wa nafsi yako. Nani asiyejiona humo?

Yanayosifu kidogo, yanayogusa pande zote mbili na yanayosemwa na mtu tunayemwamini huingia moyoni kwa urahisi. Kabla ya kuyakubali maelezo yako, soma ya aina nyingine mbili au tatu, na ujiulize kwa uaminifu kama nayo hayakufai.

Watafiti wenyewe hutumia mfumo gani?

Wengi hutumia Sifa Kuu Tano. Mfumo huu haukuanza na nadharia ya mtu mmoja. Ulianza na kamusi. Mwaka 1936, Gordon Allport na Henry Odbert walikusanya kutoka katika kamusi ya Kiingereza karibu maneno 18,000 yanayoweza kumtofautisha mtu na mwenzake. Watafiti waliofuata waliyapunguza na kuchunguza, kwa hesabu, ni yapi huambatana, na mara kwa mara wakapata mafungu matano: uwazi kwa mambo mapya, uangalifu na bidii, uchangamfu mbele za watu, upole na ushirikiano, na wepesi wa kupata wasiwasi au huzuni. Hapa hakuna aina. Kila mtu ana kiasi chake katika kila sifa, na kiasi hicho huweza kusogea taratibu kadiri umri unavyoongezeka. Kwa wastani, watu wazima huwa waangalifu zaidi na wenye wasiwasi mdogo kuliko vijana.

Mfumo huu nao una mipaka. Mwaka 2013 watafiti waliofanya kazi na Watsimane, jamii ya wakulima na wawindaji wa Bolivia, walitangaza kwamba hawakuyaona mafungu hayo matano kwa namna iliyotarajiwa. Kwetu sisi tunaosoma madodoso yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili, hilo ni la kuzingatiwa sana. Neno mpole, kwa mfano, kwetu humsifu mtu kwa adabu, subira na ukimya kwa pamoja, na dodoso la Kiingereza huyapima mambo hayo mahali tofauti.

Je, hulka fulani husababisha ugonjwa wa moyo?

Mwaka 1959, madaktari wawili wa moyo wa San Francisco, Meyer Friedman na Ray Rosenman, walieleza mtu waliyemwita wa Aina A: mwenye haraka daima, mshindani, mwepesi wa kukasirika. Walidai kuwa huyo hupata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko Aina B aliyetulia, na uchunguzi wao wa mwanzo kwa wanaume zaidi ya 3,000 ulionekana kuwaunga mkono. Tafiti zilizofuata hazikulithibitisha wazo hilo kwa ujumla wake. Kilichobaki na uzito kiasi ni uhasama na hasira za mara kwa mara. Ikumbukwe pia kwamba kampuni za sigara zilifadhili sehemu ya utafiti wa Aina A, maana zilinufaika pale lawama ilipohama kutoka kwenye moshi kwenda kwenye hulka ya mvutaji. Anayetaka kuulinda moyo wake na apime shinikizo la damu, aache sigara, apunguze chumvi na atembee. Hayo hayategemei yeye ni wa aina gani.

Na kundi la damu?

Imani kwamba makundi ya damu A, B, O na AB huonyesha hulka ilienea Japani tangu miaka ya 1920. Haijathibitishwa. Kundi la damu ni la lazima kujulikana kwa ajili ya kuongezewa damu na kwa mama mjamzito, basi.

Nitajuaje kama ni hulka au ni ugonjwa?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike. Husemwa kwamba tabia haina dawa, lakini ipo tabia ambayo dawa yake iko katika zahanati ya kijiji. Chukua neno safura. Kwa Kiarabu, kiowevu cha nyongo ya njano huitwa kwa jina la mzizi huohuo; kwetu, safura ni upungufu wa damu unaoletwa na minyoo. Minyoo hiyo hunyonya damu tumboni, madini ya chuma hupungua mwilini, na mtoto aliyekuwa akicheza hukaa kivulini, hasikilizi darasani, huanza kazi kwa uzito. Mwenye kuyajua makundi manne atasema ni flegmatiki. Mzazi aliyechoka atasema ni mvivu. Wote wawili wamempa jina mtoto anayehitaji kupimwa damu, kupewa dawa ya minyoo na kuongezewa madini ya chuma.

Vivyo hivyo kwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni ya kudumu. Mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi ana huzuni karibu kila siku, au hafurahii tena yaliyokuwa yakimfurahisha, hana usingizi au analala kupita kiasi, hana hamu ya kula, au anaona maisha hayana thamani, asitulizwe kwa kuambiwa kwamba yeye ni melankoli. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi humfanya mtu awe na haraka na hasira. Ikizembea, humfanya awe mzito na mwenye huzuni. Jeraha la kichwa na ulevi navyo hubadilisha mwenendo. Jambo la kuangalia ni badiliko: mlinganishe mtu na alivyokuwa yeye mwenyewe, wala si na maelezo ya kundi lake.

Lakini si yapo magonjwa ya hulka yenyewe?

Yapo, na huhusu mtu ambaye namna yake ya kujiona na kuhusiana na wengine imemletea madhara kwa miaka mingi. Katika toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, Shirika la Afya Duniani liliyaacha majina mengi ya zamani ya aina za magonjwa hayo. Sasa mtaalamu hueleza kwanza ukubwa wa tatizo, kama ni dogo, la wastani au kubwa, kisha sifa zinazojitokeza. Dodoso la simu haliwezi kutambua jambo hilo.

Nikienda kituo cha afya, nieleze nini?

Usianze na herufi nne wala na jina la kundi, kwa kuwa mhudumu hatapata la kufanyia kazi. Eleza ulivyokuwa miezi sita iliyopita, kilichobadilika, kilianza lini, na kama kazi, usingizi, chakula au mahusiano yameathirika. Taja dawa unazotumia na pombe kama unakunywa. Nenda na ndugu anayekufahamu vizuri ikiwa huoni aibu mbele yake, kwa sababu mara nyingi mwenzako huona badiliko kabla yako. Mtu aliyechanganyikiwa ghafla ndani ya saa au siku chache, hasa akiwa na homa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na anayesema anataka kujiua asiachwe peke yake njiani wala nyumbani hadi akabidhiwe kwa mtaalamu.