Omena wa ziwani hawatoshi kuzuia rovu

Kando ya ziwa, kuanzia Kisumu hadi Busia, wengi huamini kwamba anayekula omena, ngege au mbuta kila siku hahitaji chumvi yenye iodini, madini yanayozuia rovu, yaani uvimbe wa shingoni. Imani hii inatokana na samaki wa baharini, ambao kweli wana iodini nyingi. Lakini Ziwa Victoria ni maji baridi, yasiyo ya chumvi na yenye iodini kidogo, na samaki hupata tu iodini iliyo katika maji na chakula chake. Omena ni chakula bora, ila si kwa sababu ya iodini.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku, mjamzito 250. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaani gramu 5, chenye miligramu 30 za iodini kwa kilo, hutoa hizo 150. Basi hakuna haja ya kuzidisha chumvi.

Msidanganywe na shingo isiyovimba. Upungufu unaweza kudhuru ubongo wa mtoto tumboni kabla rovu halijaonekana kwa mama, na dhara hilo halirekebishiki.

Sheria ya Kenya inataka chumvi ya kula iongezwe iodini, lakini nyumbani iodini hiyo hupotea. Pakiti ikiachwa wazi juu ya rafu karibu na jiko, chumvi hulowa na mvuke, na iodini huondoka na unyevu huo. Ihamishie kwenye mkebe mkavu wenye kifuniko, uitie sufuria ikikaribia kuepuliwa. Munyu wa majivu hulainisha mboga vizuri, lakini hauchukui nafasi ya chumvi yenye iodini.