Kinanda cha Kwaya Kina Nini Ndani?

Mwezi uliopita mpiga kinanda wa kwaya moja ya hapa Mwanga, Kigoma, alituletea karakanani kinanda kisichowaka. Alikuwa ameazima adapta. Volti zilikuwa zilezile na plagi iliingia vizuri, ila chanya na hasi zilikuwa zimegeuzwa. (Hili ni bure kabisa: kabla ya kuchomeka adapta ngeni, linganisha kile kimchoro kidogo cha chanya na hasi kilicho kwenye adapta na kile cha nyuma ya kinanda. Visipofanana, acha.)

Tulipofungua mfuniko, kijana huyo akainama kuchungulia. "Fundi, mbona hamna kitu?" Alitarajia nyuzi, au walau vyuma vya kugongwa. Aliona bodi ya kijani, spika mbili na vumbi jekundu.

Sauti ni mtetemo. Uzi wa gitaa ukitetemeka mara 440 kwa sekunde, unasikia noti ya A. Umeme nao ukipandishwa na kushushwa mara 440 kwa sekunde, kisha ukapelekwa kwenye spika, noti ni ileile. Mrusi Leon Theremin aliliona hilo mapema: mnamo 1920 alitengeneza ala inayopigwa bila kuguswa, kwa kusogeza mikono hewani tu.

Lakini mtu aliyewapa wanamuziki sinthesaiza (ala inayotengeneza sauti kwa umeme) kama tunavyoijua ni Mmarekani Robert Moog, mwaka 1964, akishirikiana na mwanamuziki Herbert Deutsch. Kwake noti iliamuliwa na volti: ongeza volti moja, noti inapanda oktavu nzima, yaani mitetemo 220 kwa sekunde inakuwa 440. Mtetemo huo ukitoka ni mkali, unakwaruza. Ndipo unapopitishwa kwenye chujio, kama mawese yanavyochujwa. Ukilibana, ukali unabaki nyuma na sauti inatoka nzito, kama mtu anayeimba kaziba mdomo kwa kanga. Ukilifungua, inang'aa kama tarumbeta. Kisha kuna umbo la sauti: ngoma hupasuka ghafla ikafa, zeze huja taratibu likakaa. Hilo nalo linapangwa kwa umeme.

Minimoog, sinthesaiza ndogo ya Moog ya 1970, ilibebeka, ila ilitoa noti moja tu kwa wakati, kwa hiyo kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) usahau. Sinthesaiza ya Prophet-5 ya 1978 ilipiga noti tano pamoja, tena ikakumbuka mipangilio. Kabla ya hapo wapigaji wengi walichora kwenye karatasi kila kitufe kilipokuwa kimeelekea.

Mimi hupenda zaidi kisa cha John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1967 alikuwa akichezea ule mtikisiko ambao waimbaji hutia mwishoni mwa noti ndefu. Akauongeza kasi, akaongeza tena, mpaka sikio likaacha kusikia mtikisiko na kuanza kusikia sauti mpya kabisa, ya kengele au shaba. Yamaha walinunua haki ya kutumia ugunduzi huo, na mwaka 1983 wakatoa sinthesaiza ya DX7. Kuipanga kulikuwa kazi ya kuumiza kichwa, hivyo wengi walitumia sauti zilizotoka nazo kiwandani. Ndiyo maana muziki mwingi wa miaka ile una piano ileile. Mwaka huohuo ukaja MIDI, lugha ya pamoja inayowezesha kinanda cha kampuni moja kuongoza cha kampuni nyingine.

Afrika haikukaa pembeni. William Onyeabor wa Nigeria alikuwa akitoa albamu za sinthesaiza tangu miaka ya 1970. Huku kwetu, taarabu ya kisasa imekipa kinanda kazi zilizokuwa za fidla na akodiani.

Vinanda vingi vya kwaya zetu leo hucheza sauti za ala halisi zilizorekodiwa, lakini chujio na umbo la sauti bado vimo, vimejificha kwenye menyu. Tatizo ni kwamba tunabonyeza mapigo ya kiwandani na kuishia hapo.

Cha yule kijana kilikuwa kimeungua diodi ya ulinzi tu, kile kipuri kidogo kinachokinga bodi umeme ukiingia kinyume. Tulipoibadilisha nikamwambia achague sauti ya fidla, aingie kwenye menyu, aongeze muda wa sauti kupanda. Akashika kodi moja. Fidla hazikuruka tena. Zilikuja polepole, kama kwaya inayovuta pumzi. Akapunguza, akaongeza, akabana chujio. Saa kumi na moja jioni tulipofunga karakana bado alikuwa hajauliza bei.