Pushrodi ikilegea, usikimbilie gundi

Pushrodi ni fimbo ya chuma inayosukumwa na kemu (shafti yenye nundu) kupitia lifta, kisilinda kidogo kilicho kati yake na kemu; nayo husukuma roka, mkono unaofungua valvu. Nati ya pushrodi inapolegea ndani ya pikipiki ya Harley-Davidson, swali la kwanza ninaloulizwa huwa ni moja: nitumie gundi gani? Mimi huanzia kwingine. Nati iliyokazwa sawasawa, kwenye pushrodi iliyobanwa muda wote, hailegei. Ikilegea, kuna kilichoilegeza, na gundi itakificha tu mpaka siku valvu itakapoungua.

Injini za Harley za Evolution zilizoanza mwaka 1984, na Twin Cam zilizofuata mwaka 1999, zilitoka kiwandani na pushrodi zisizobadilika urefu. Pushrodi za kurekebisha huwekwa na watu wanaobadilisha kemu, kwa sababu zinaingia bila kufungua sehemu ya juu ya injini: za zamani unazikata, mpya unazifupisha, unazipenyeza, kisha unazirefusha. Injini za Shovelhead, za 1966 hadi 1984, zilikuwa na za kurekebisha tangu mwanzo. Kote humo umbo ni lile lile. Kuna mwili wa pushrodi, kuna skrubu inayoingia na kutoka, na kuna nati inayoibana skrubu isizunguke.

Meno ya skrubu hiyo ni membamba. Zenye meno 32 kwa inchi, mzunguko mmoja hubadilisha urefu kwa karibu milimita 0.8. Nati ikiachia na skrubu ikajirudisha ndani, pushrodi inakuwa fupi, injini inaanza kugonga, na ikizidi inaweza kuchomoka kwenye kikombe cha roka. Ikijirefusha hali ni mbaya zaidi, kwa sababu haipigi kelele: lifta inafika mwisho wa safari yake, valvu haifungi vizuri, kompresheni inapungua na valvu ya ekzosi inaanza kuungua. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema "haigongi, basi iko salama."

Kinacholegeza ni nini hasa? Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pushrodi inasukumwa mara 25 kwa sekunde. Lifta ya oili, inayojazwa oili ya injini ili kuziba pengo, ikiwa nzima, pushrodi haiachiwi hata valvu ikiwa imefunga, kwa kuwa lifta inaendelea kuisukuma dhidi ya roka. Tatizo huja pale mbano huo unapokatika: lifta imechoka na haishiki oili, springi za valvu zimelegea na valvu inaelea, yaani haiwahi kufunga, kwenye mwendo mkali, au fundi alirefusha pushrodi kidogo mno. Hapo kila mzunguko una pengo, na kila pengo linaishia kwa nyundo juu ya ile nati. Ukikaza nati ukaiacha lifta mbovu, hujatengeneza kitu.

Sababu ya pili wengi hawaitafuti: pushrodi inagusa mrija unaoifunika au tundu la hedi, yaani kichwa cha silinda. Pushrodi za kurekebisha ni nene kuliko za kiwandani, na kemu ya kuinua valvu juu zaidi huzipeleka pembeni zaidi. Nati ikisugua chuma kila mara, itazunguka tu. Inua mrija, zungusha injini taratibu kwa mkono huku ukimulika kwa tochi, na tafuta alama inayong'aa kwenye mwili wa pushrodi au kwenye kona za nati. Ukiiona, tiba ni kutengeneza nafasi au kutafuta pushrodi nyembamba.

Sababu ya tatu ni mikono yetu wenyewe. Wanaoseti tapeti (nafasi ya valvu) za pikipiki ya Honda CG125 wanaijua: usiposhika skrubu ya roka imara wakati wa kukaza nati, inafuata nati, na nafasi uliyoipima kwa fila geji inapotea. Kwenye pushrodi kuna vitu vitatu vinavyoweza kuzunguka, kwa hiyo tumia spana tatu nyembamba: moja kwenye mwili, moja kwenye skrubu, moja kwenye nati. Kwa spana mbili mkono unakudanganya. Unahisi ugumu ukadhani nati imebana, kumbe pushrodi nzima inajipinda.

Kabla ya hapo, safisha meno na uso wa nati kwa breki klina, ukaushe. Nati yenye kona zilizoliwa au uso wenye makovu itupe. Weka lifta kwenye sehemu ya chini kabisa ya kemu, valvu zote mbili za silinda hiyo zikiwa zimefunga. Refusha pushrodi mpaka isicheze juu na chini, lakini vidole viweze kuizungusha. Halafu ongeza mizunguko anayotaja mtengenezaji. Kwa meno 32, mizunguko miwili na nusu, kwa mfano, ni milimita 2 hivi. Sasa subiri. Oili inahitaji muda kutoka ndani ya lifta, dakika kumi au ishirini, na usiizungushe injini kabla pushrodi haijazunguka tena kwa vidole. Valvu bado zimeinuliwa wakati huo, na ukizungusha unaweza kuzipinda.

Gundi ya bluu, kama Loctite 243, siikatai kama mtengenezaji wa pushrodi ameiruhusu: tone moja kwenye meno makavu, na uipe saa 24 ishike. Nyekundu usiiguse, kwa sababu kuifungua kunahitaji moto mkali, na oringi (pete za mpira) za mirija ziko jirani. Washa za springi nazo ziache. Mwaka 1969 mhandisi Gerhard Junker alionyesha kuwa kinachofungua bolti ni hasa mtikisiko wa kando, na washa za namna hiyo hazijafaulu vizuri kwenye jaribio lake. Tena ikivunjika, kipande kinaweza kuangukia ndani ya injini.

Ninachosisitiza kwa kila mtu ni mstari wa rangi. Ukimaliza kukaza, futa mafuta, chora mstari mmoja unaovuka mwili, nati na skrubu. Baada ya injini kupata moto na kupoa mara ya kwanza, toa kibanio cha mrija, inua mrija, tazama. Mstari ukikatika utajua ni kipi kilichozunguka na kimezunguka upande gani.

Kwa wenye Harley Sportster zenye silinda na hedi za chuma, za 1957 hadi 1985, nati iko chini kwenye tapeti, yaani lifta, na tapeti hizo hazina oili ndani. Pengo dogo lipo kwa makusudi, kwa hiyo nati inapigwa kila mzunguko hata ukifanya kazi safi. Hizo zikaguliwe kila unapomwaga oili, injini ikiwa baridi kabisa. Nati ile ile ikilegea mara mbili, badilisha skrubu na nati pamoja, kwa maana meno yameshachoka na hayatashika tena.